Filimu ya Punda Imerudi

Niliifunga televizyo yangu ndani ya kigodoro cha mtoto, nikaizungushia vitenge viwili, nikaifungia nyuma ya pikipiki, na hivyo ndivyo tulivyotoka Kabambare kwenda Kasongo: dereva mbele, mimi katikati, televizyo nyuma ikinigonga mgongo kila tulipoingia shimo. Dereva aliniuliza kama ninahama. Nikamwambia hapana, ninakwenda kumwonyesha mama yangu filimu. Akasema kwa heshima zote kwamba hata Kasongo televizyo ziko. Nikamwambia aangalie njia.

Ziko, ndiyo. Lakini ya kwetu iliungua wakati baba alipokuwa mgonjwa, na mama asingeweza kwenda kutazama kwa jirani kwa sababu alikuwa amekaa eda. Baba alikuwa ametuacha siku arobaini na kitu zilizopita. Kwetu Waislamu wa mjini, mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi: nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka bila haja kubwa, hakuna kukaa pamoja na wanaume wasio ndugu zake wa damu. Mama alizaliwa kwa Wakristo, wakulima wa huku pembeni ya mji, akaingia dini kwa ajili ya baba, na watu wenye midomo mirefu walisema huyu ataiba siku. Mama akajibu kwamba atazikaa zote, na kama kuna siku imebaki kwenye gunia wamletee nayo ataikaa.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye chumvi. Baada ya hapo alinyamaza. Nilipompigia simu kutoka Kabambare alikuwa anajibu ndiyo, au hapana, au nimekula, na nyuma yake ninamsikia shangazi akipiga kelele kwamba ni uongo, hajakula. Shangazi ni dada yake baba, mwanamke wa Nyangwe mwenye maneno mengi na sheria nyingi, aliyekuja kumtunza mama edani na kuhakikisha kila kitu kinakwenda kama inavyotakiwa. Alikuwa anapika samaki wa Lualaba, anampelekea, na sahani inarudi kama ilivyokwenda. Nilianza kuogopa kwamba nitazika wawili kwa mwaka mmoja.

Ndipo Jumapili moja nikawa ninasahihisha madaftari huku televizyo imewashwa kwa ajili ya kelele tu. Stesheni moja ya Kinshasa ilikuwa imeanza kurudisha filimu za zamani, zile za familia, ambazo baba na watoto wanaweza kukaa benchi moja bila mtu kufunikwa macho. Wakatangaza filimu ya Jumapili itakayofuata. Nikainua kichwa, nikamwona punda anavuta mkokoteni wa mikate, picha nyeusi na nyeupe, masikio yale yale. Kalamu ilinianguka. Nikampigia mama palepale, nikamwambia nilichokiona.

"Ni ile ya punda?" akauliza.

Nikasema ni yenyewe.

"Nataka kuiona."

Tangu mazishi alikuwa hajaomba hata maji ya kunywa. Sasa aliomba kitu kimoja, na kitu chenyewe kingepita mara moja tu, Jumapili moja. Siku mbili kabla nikaomba ruhusa shuleni, nikafunga televizyo.

Sasa niseme kwa nini ni ile filimu na si nyingine. Baba alikuwa fundi wa kushona, lakini Kasongo nzima ilimjua kwa kazi yake ya Jumapili: alikuwa mfasiri wa sinema. Zamani mapadri walikuwa na mashine ya kuonyesha filimu katika ukumbi wao. Filimu zilisema Kifaransa. Ukumbi ulisema Kiswahili, Kizimba na Kibangubangu. Padri alihitaji mtu mwenye sauti, na baba alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto na yule mtu akageuka. Kwamba alikuwa Mwislamu halikuwa neno. Kwamba Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea sindano na vifungo dukani, hilo padri hakulichunguza. Basi akasimama kando ya shuka nyeupe na fimbo mkononi, akafasiri namna yake.

Punda hakuna aliyekuwa amemwona kwetu, kwa hiyo baba aliwaeleza watu kwamba ni ndugu yake farasi aliyenyimwa urithi, ndiyo maana amekasirika hivyo. Na filimu yenyewe ni hii: muuza mikate amefiwa na mke, ana watoto watatu watundu na punda asiyekwenda mpaka aimbiwe. Mwanamke mgeni anakuja kupanga chumba cha juu. Watoto wanampenda, punda anampenda, yule mwanaume anamnunia filimu nzima. Mwisho mwanamke anachoka, anafunga sanduku lake aondoke. Mwanaume anasimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama juu, anasema neno moja fupi. Mwanamke anaweka sanduku chini. Imekwisha.

Lile neno fupi, likipita kinywani mwa baba, lilikuwa hotuba. Watoto wa mtaa wetu tuliijua kwa moyo, tulikuwa tunasemeshana njiani tukienda kuteka maji: "Mama, miye sina duka kubwa, sina shamba, na hata huyu punda ananidharau. Niko na mikono miwili na huu mdomo. Kama unaenda, nenda, sitakushika mukono. Lakini ukibaki, hata siku ya njaa nitakuchekesha." Watu walikuwa wanalia ukumbi mzima, wanaume wanajifanya wanakohoa.

Nami nikaja kuiharibu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano mwenye Kifaransa cha shule kilichonivimbisha kichwa. Wakati huo mashine ya mapadri ilikwisha kufa, filimu ya punda ilikuwa imekuja kwa kaseti, na mfanyabiashara mmoja aliionyesha uani kwake kwa jenereta. Baba akaombwa afasiri kama zamani. Alipofika kwenye hotuba, na watu wameshatoa vitambaa, nikasimama juu ya benchi nikasema kwa sauti kwamba yule mwanaume hakusema hivyo, amesema mvua itanyesha, basi. Watu wakacheka, wakacheka kweli kweli, wengine wakimwuliza baba hiyo mikono miwili aliitoa wapi. Baba akanitazama. Akaiegemeza fimbo yake ukutani.

"Basi," akasema, "mwalimu amefika."

Akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na watu wengine, akatazama mpaka mwisho kama mtu aliyelipa tiketi. Hakufasiri tena mpaka tunamwingiza kaburini. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Mama ndiye aliyenisemesha, kesho yake, akiwa anachambua mchele bila kuniangalia. Alisema, "Umenipokonya kitu, na hata hujui ni kitu gani." Sikuuliza ni kitu gani. Nilikuwa na kiburi, na baadaye nikawa na aibu, na hivyo viwili vinafunga mdomo sawasawa.

Vita vikaja vikapita, nikawa mwalimu wa Kifaransa kweli, Kabambare. Baba alijisifu nami msikitini mpaka watu wakachoka. Lakini kila nilipokuja kuwaona, siku ya kurudi, pikipiki ikiwa inanguruma na mfuko wangu umeshafungwa, alikuwa anatoka barazani, anainua macho juu, ananiuliza, "Mwalimu, mvua itanyesha?" Majirani wanacheka. Mimi namjibu kwa ukali kwamba jua liko, napanda, naondoka. Miaka yote hiyo. Nilijua ananidai neno moja la msamaha, na kila safari nilisema nitamwambia safari ijayo. Safari ya mwisho nilimkuta amefunikwa.

Hivyo ndivyo nilivyofika Kasongo Ijumaa jioni na televizyo mgongoni, na shangazi amejaa mlangoni, mikono kiunoni. Akauliza hiki ni nini. Nikamwambia. Akaniuliza kama huko Kabambare siku hizi eda inakaliwa kwa sinema, na kama nimeleta na ngoma. Nikamwambia mama mwenyewe ameomba. Akasema mgonjwa naye anaomba pilipili. Lakini shida yake hasa ilikuwa wanaume. Mjane hakai na wanaume wa nje, na mimi ninataka kumwingizia chumba kizima cha wanaume, tena Wazungu. Nikasema zile ni picha. Akaniuliza picha za nini. Nikapandisha sauti, nikamwambia maneno mawili ambayo mtu hamwambii shangazi yake, naye akanirudishia manne.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, juu ya mkeka wake, anasikia yote. Jumamosi mchana akarudisha wali na sombe ya majani ya muhogo bila kugusa, na usiku akarudisha tena. Shangazi aliiangalia ile sahani muda mrefu. Nadhani aliogopa kuliko mimi, maana yeye alikuwa amezika kaka yake na sasa wifi yake anayeyuka mikononi mwake.

Jumapili asubuhi akaja na hukumu. Aliniuliza kama filimu ni ya zamani. Nikasema ya zamani sana, hata padri aliyeileta ni marehemu. Akauliza kama ina rangi. Nikasema haina.

"Basi hawa wanaume wote wamekwisha kufa," akasema. "Maiti si mwanaume. Washa mambo yako."

Kuhusu punda hakuwa na shaka tangu mwanzo.

Nikaiweka televizyo juu ya meza ya cherehani ya baba, nikaunganisha waya za betri ya sola, nikatandika mkeka. Tangazo lilisema saa tisa, na saa tisa kamili tulikuwa tumekaa, mama katikati na nguo zake nyeupe, mimi kulia, shangazi kushoto. Nikawasha. Wakatokea mabwana wanne wa siasa, tai shingoni, wanabishana. Shangazi aliruka kama aliyekanyaga moto, akavua kitenge chake cha juu akaitupia televizyo. "Hao bado wazima," akasema, na akakaa pale pale akiishikilia ile nguo isianguke.

Hapo nikashika kichwa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa tisa yao ni saa kumi yetu. Mtoto wa darasa la nne anajua, mimi mwenyewe ninafundisha. Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema ndiyo maana baba aliniita mwalimu. Kisha wakaenda kuswali alasiri. Mama alimaliza kwanza, kwa maana shangazi akianza dua zake anawataja jamaa wote, hadi wale wa Salamabila waliopotelea kwenye machimbo.

Mama akarudi akakaa. Akaitazama ile televizyo iliyofunikwa, akaanza kusema, taratibu, kama anayeendelea na mazungumzo tuliyoyaacha jana.

Alisema mara ya kwanza alipoiona ile filimu alikuwa msichana wa shule ya masista, amekaa nyuma kabisa na wenzake na sista mmoja wa kuwalinda. Kifaransa alikuwa nacho chote. Akasikia yule mwanaume mlangoni anasema mvua itanyesha, na akamsikia fundi wa kushona anaanza kuhutubu kuhusu nyumba kubwa na mashamba ya mpunga. Watu wote wakalia; yeye akacheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, hata sista akamfinya. Na baba, pale mbele na fimbo yake, akasikia. Akajua kwamba katika giza lile yuko mtu mmoja anayejua.

Mtu mwingine angeogopa. Baba, Jumapili iliyofuata ambayo padri alirudisha filimu ile, alibadilisha hotuba. Nyumba kubwa ikatoka, akabaki mtu maskini kidogo. Mama akacheka tena. Akabadilisha tena. Filimu za padri zilikuwa chache, ya punda ilirudi mara nyingi, na kila iliporudi maneno yalikuwa yamepunguzwa uongo, mpaka ikafika ile ya mikono miwili na mdomo. Siku hiyo, baada ya kucheka, mama alimsubiri nje akamwambia kwamba sasa hiyo ni kweli.

"Hayakuwa maneno ya ukumbi," mama akaniambia. "Yalikuwa yangu. Watu wote wanasikia, na hakuna anayejua. Hata baada ya kuolewa, ikirudi, ananisemesha tena mbele ya watu, nami ninacheka kule nyuma. Ni hicho ulichonipokonya."

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikasema, kwa ujinga wa kutafuta pa kushika, kwamba hata hivyo alikuwa anadanganya.

"Weye na Kifaransa chako," akasema, bila hasira. "Yule mwanaume alikuwa anamwomba asiende. Baba yako alilisikia lile. Weye ulisikia mvua."

Nikaiona baraza. Nikaona baba ameinua macho juu na mimi nimeshapanda pikipiki, ninamjibu jua liko. Nililia pale pale juu ya mkeka, mimi mwanamke mzima mwenye watoto, nikamwomba mama msamaha ambao ulikuwa wa watu wawili. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi, umebaki mifupa. Akasema nimpishe shangazi yangu, anakuja.

Saa kumi punda akatokea. Shangazi akaondoa kitenge chake. Mimi nilikuwa nimepandisha sauti, na kwa muda kidogo Kifaransa kilijaa chumbani, safi, cha watu wenyewe. Mama akasema nipunguze. Nikapunguza. Akasema niizime. Tukabaki na picha tu, mikate, mkokoteni, watoto wanapanda juu ya paa, hakuna anayesema.

Kisha mama akaanza kufasiri. Sauti ilikuwa imekauka, lakini maneno yalikuwa ya baba, pamoja na yule ndugu yake farasi na urithi wake. Shangazi akashtuka, akacheka, akaanza kumkumbusha pale aliposahau, maana naye katika usichana wake alikaa ukumbini akamsikiliza kaka yake Jumapili nyingi, kabla hajaolewa Nyangwe. Alipoondoka kwenda kwa mumewe hotuba ilikuwa imeshafika kwenye mikono miwili na watu wanalia. Habari za mimi kusimama juu ya benchi hakuzipata kamwe. Wakawa wanapokezana wawili. Mtoto mdogo alipomwimbia punda, shangazi aliimba mwenyewe, edani, na hakuna aliyemkumbusha sheria. Katikati ya filimu mama alinyoosha mkono akachukua kipande cha mkate wa mchele kwenye sahani aliyotuwekea shangazi, akala, akachukua kingine. Mimi na shangazi tulijifanya hatukuona.

Tukafika mlangoni. Mwanamke ameshika sanduku. Mwanaume amevua kofia. Mama akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Mwanaume alikuwa ameshainua macho yake juu.

"Fasiri weye," mama akaniambia.

Kifaransa cha pale ninakijua. Nimekifundisha miaka ishirini. Nikasimama kando ya televizyo, upande alikokuwa akisimama baba, na mikono sikujua niiweke wapi.

"Mama," nikasema, "miye sina duka kubwa, sina shamba, na hata huyu punda ananidharau. Niko na mikono miwili na huu mdomo. Kama unaenda, nenda, sitakushika mukono." Nikamgeukia mama. "Lakini ukibaki, hata siku ya njaa nitakuchekesha."

Mwanamke akaweka sanduku chini. Shangazi alikuwa analia waziwazi, ncha ya kitenge mdomoni. Na mama akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kicheko cha msichana anayefinywa na sista na hajali, na machozi yakimtiririka humo humo.

Shangazi akamgeukia kwa hasira, akamwuliza anacheka nini, mtu anasema maneno kama haya na yeye anacheka.

Mama akajifuta macho kwa nguo yake nyeupe.

"Hakusema hivyo, wifi," akamwambia. "Amesema mvua itanyesha."